Sikunywa Mie

Jumatatu, 17 Machi

Haya, naandika. Daktari kasema kila siku niandike mambo matatu: kizunguzungu kimekuja au hakikuja, kimekaa dakika ngapi, nimeanguka au sikuanguka. Basi. Lakini daftari alilonunua mjukuu wangu Lusungu ni la kurasa mia mbili, jalada gumu, na mie nina hasira za kurasa mia mbili, kwa hiyo nitaandika na mengine. Daktari asiyetaka kuyasoma ayaruke.

Mie ni Tupokigwe. Miaka sitini na minane. Shule niliishia darasa la nne kule kwetu Rungwe, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa madaktari. Nakaa Gongo la Mboto, nyumba yangu mwenyewe, tulijenga na marehemu tofali kwa tofali. Mzee wa kanisa miaka kumi na moja. Pombe sinywi. Sijawahi kuionja. Hata togwa ikilala siku mbili siigusi.

Jumapili ya tarehe tisa ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Nilibeba sinia la vile vikombe vidogo vya divai kama ninavyobebaga siku zote. Nilipofika benchi la tatu kanisa likageuka. Si mie niliyegeuka, kanisa ndilo liligeuka. Madhabahu ikaenda kulia, dari ikashuka, nikaenda chini na sinia. Divai yote kifuani, kwenye gauni jeupe. Wa kwanza kuinama kuniinua alikuwa Demetria, mwenyekiti wa akina mama. Akanusa. Niliiona pua yake. Akamgeukia mwenzake akasema, "Mh! Ananuka pombe."

Nanuka pombe! Nimemwagikiwa divai ya kanisa zima, ulitaka ninuke nini, karafuu?

Kufikia jioni habari ilishafika Pugu.

Leo Lusungu kaomba ruhusa shuleni kwake anakofundisha, kanipeleka hospitali ya masikio mjini. Daktari ni binti wa Kihaya, anaitwa Kokuberwa. Kanipa shikamoo vizuri, kapiga chuma kikalia, kakiweka nyuma ya sikio langu, kisha mbele. Halafu akanifungia kwenye kijumba kisicho na dirisha, nibonyeze kitufe nikisikia mlio. Baadaye akatueleza. Ndani ya sikio kuna kimfupa kidogo kuliko mifupa yote ya mwili, kina umbo kama kikuku cha kupandia farasi. Kinatakiwa kicheze ili sauti ipite. Changu kimekakamaa. Ugonjwa wenyewe Lusungu kaniandikia pembeni: otosklerosisi. Kumbe ndiyo maana uziwi umekuwa ukiniingia polepole tangu nizae.

"Na kuanguka je?" nikamuuliza.

"Hicho ndicho tunataka kupima, Bibi. Sikio la ndani kabisa ndilo linaloshika mizani ya mwili. Siwezi kuzungumza habari ya kukufanyia upasuaji kabla sijajua mizani yako ikoje."

"Hicho kipimo kitaonyesha kama mtu kanywa au hakunywa?"

Akacheka. "Kitaonyesha kama shida inatoka sikioni."

"Basi uandike kwenye karatasi. Na muhuri upige."

"Tutaandika, Bibi."

Kanipa vidonge vya kizunguzungu na karatasi ya masharti. Kipimo ni tarehe nane Aprili. Nitaingoja hiyo karatasi ya muhuri.

Kizunguzungu: ndiyo. Dakika: ishirini. Kuanguka: hapana, nilishika meza.

Jumanne, 18 Machi

Kizunguzungu: hapana. Mvua: hapana. Hasira: ndiyo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kwa jirani yangu Mauwa kusaga mahindi. Mashine yake inaunguruma, kila mteja anamfokea mwenzake sikioni na bado hasikilizani naye. Mie palepale nasikia kila neno. Nyumbani kwenye utulivu ndipo nakuwa gogo.

"Shoga, we' kiziwi wa namna gani?" Mauwa kaniuliza. Kafunga Ramadhani, midomo imemkauka, lakini utani hauachi. "Hapa unanisikia, kwako hunisikii."

"Kwangu huongeagi la maana."

Halafu wanasema naongea chinichini. Sauti yangu mie naisikia inavuma kichwani kana kwamba niko ndani ya pipa, nipige kelele ya nini? Lusungu anasema nikigombeza watu inabidi wainame ili wasikie wanavyotukanwa. Wainame. Magoti wanayo.

Kizunguzungu: ndiyo, palepale kwenye mashine. Dakika: kumi. Niliegemea gunia la mtu.

Jumapili, 23 Machi

Nimekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Pembeni yangu hakukaa mtu. Benchi la watu saba, nimelikalia peke yangu kama mke wa mkuu wa wilaya.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Imepiga bati tangu saa kumi jioni. Na mvua ikipiga bati, mie ndipo nasikia.

Lusungu alikuwa chumbani kwake anaongea na simu. Alijua sisikii, maana siku zote sisikii. Akamwambia huyo aliyempigia: "Hapana, Bibi hanywi." Akamsikiliza. Kisha akasema, "Sijui. Mie sijawahi kumwona."

Sijui!

Nimemlea tangu ana miaka minne. Nimemvika, nimemsomesha mpaka akawa mwalimu. Sijui!

Nimeingia chumbani nikamwambia, "Hujui nini?" Akaangusha simu. Akalia. Akasema, "Bibi, unavyoyumba asubuhi, mtu asiyekujua angesema…" Nikamwambia, "We' ndiye usiyenijua." Ugali wa jioni kala peke yake.

Kizunguzungu: ndiyo. Dakika: sikuhesabu, nilikuwa na shughuli.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mauwa kaleta pilau sinia zima. Hakuninusa.

Jumatano, 2 Aprili

Leo wamekuja kuniona. Demetria na wawili nyuma yake, vitenge vya sare, nyuso za msibani. "Tumekuja kukujulia hali, Mama." Nikawapa viti, nikawapa chai. Nina adabu zangu.

Ukutani nilibandika karatasi ya hospitali yenye masharti ya kipimo. Demetria akainuka na kikombe chake, akaenda kuisoma. Akaisoma kwa sauti, wenzake wasikie: "Usimeze dawa za kizunguzungu siku mbili kabla ya kipimo. Usinywe kahawa. Usipake wanja. Usinywe pombe saa arobaini na nane kabla." Akageuka. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Unaona sasa, Mama? Hata hospitali wamelijua. Wamekuandikia. Si sisi tuliosema."

Nikamwambia, "Demetria, karatasi hiyo anapewa kila mgonjwa. Wameandika na wanja. Mbona hamkutangaza kanisani kwamba Tupokigwe anapaka wanja?"

Mmoja wa wale wawili akaficha kicheko kwenye kikombe. Demetria hakucheka. "Mume wangu na yeye alikuwa anasema ni kizunguzungu," akasema. "Miaka tisa. Mpaka namzika. Mimi sidanganyiki kwa hilo."

"Mimi si mume wako."

Wameondoka chai haijaisha. Nimeibandua ile karatasi nikaitia kwenye jiko la mkaa. Imeungua vizuri.

Ijumaa, 4 Aprili

Barua. Imeletwa na mkono wa Mchungaji Wilbert mwenyewe, kijana mpole, anatazama viatu vyake akiongea na wewe. Baraza la wazee limekaa. Nimetengwa na Meza ya Bwana, na Jumapili hii itatangazwa kanisani. Jumapili ya tarehe ishirini na tano Mei ndiyo Meza inayofuata baada ya ile ya Pasaka. Siku hiyo nikisimama mbele ya usharika nikatubu ulevi, nitapokelewa. Nisiposimama, jina langu litaondolewa kwenye wazee.

"Nitubu kitu ambacho sikufanya?"

"Ni maneno machache tu, Mama. Dakika mbili. Watu watafurahi, yataisha."

"Nidanganye kanisani ili watu wafurahi?"

Akatazama viatu.

Kutengwa nakujua. Mama yangu mzazi, Tusekile, alitengwa kule Rungwe kwa pombe. Alikufa hajarudishwa, akazikwa bila wimbo na bila kengele. Lakini yeye alikuwa mlevi kweli. Nilimwona kwa macho yangu akianguka kwenye migomba saa tatu asubuhi. Shule yenyewe niliiacha kwa aibu yake. Ndiyo maana mie pombe siigusi. Halafu leo waniweke naye kwenye kapu moja!

Kizunguzungu: ndiyo. Dakika: arobaini. Nimetapika.

Jumanne, 8 Aprili

Sitaki kuandika.

Naandika. Tumeamka saa kumi na moja, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, tumefika mjini. Daktari Kokuberwa kaniuliza, "Bibi, dawa ya kizunguzungu uliacha lini?"

"Niache vipi? Nimemeza leo asubuhi. Si nyie mlionipa?"

Dawa inalaza sikio, kipimo kinadanganya. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi. Karatasi niliyoichoma. Lusungu kanitazama tu, kisha kaenda kuomba tarehe nyingine. Tumepangiwa tarehe ishirini na tisa.

Hasira zangu kwa Demetria zimenichelewesha wiki tatu. Na hilo namwandikia yeye.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikwenda. Kengele nimeisikia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Kengele yetu ni kipande cha reli, kinaning'inia kwenye mwarobaini nje ya kanisa, kinapigwa kwa chuma. Kinapigwa kuita watu, na kinapigwa mtu akifa. Mie nikifa kabla ya Mei ishirini na tano hakitapigwa. Nimepika wali, nimekula, nimelala.

Alhamisi, 24 Aprili

Kizunguzungu: ndiyo. Dakika: thelathini. Nimeanguka uani, nimechunika kiwiko. Kijana muuza mboga kapita akasema, "Bibi, ungekunywa chai kwanza." Nimemtupia kandambili. Imempata.

Jumanne, 29 Aprili

Leo nimepimwa. Nitaeleza yote, maana nisipoeleza hakuna atakayeniamini.

Kwanza nilisimamishwa kwenye sakafu, nikafumba macho. Nikasimama. Halafu wakaweka kipande kinene cha sponji, nikapanda, nikafumba macho. Daktari alisimama nyuma kanikingia mikono kama anayemfundisha mtoto kutembea. Nilikwenda upande wa kulia kama gunia. Akanidaka. Mwembamba vile, lakini ana nguvu.

Halafu akasema nipige hatua palepale nilipo, macho nimefumba, hatua hamsini. Nikapiga. Nilianza nikiutazama mlango. Nilipofumbua macho naitazama sinki.

"Nani kanigeuza?"

"Hakuna aliyekugusa, Bibi."

Lusungu alikuwa kwenye kona, kaziba mdomo. "Bibi, umegeuka mwenyewe. Polepole. Nimekuona."

Halafu wakanivika miwani mikubwa myeusi, ndani yake kuna kamera inayotazama macho. Macho yangu yakatokea kwenye televisheni, makubwa kama sahani. Nikalazwa. Daktari akasema, "Sasa naingiza maji kwenye sikio. Ya uvuguvugu, halafu ya baridi. Utasikia dunia inazunguka. Usiogope, itapita. Na nataka ukiwa unazungushwa unitajie majina ya wanawake, yoyote, usinyamaze, ili akili isilale."

Maji yakaingia sikio la kushoto. Mungu wangu. Kitanda kilinyanyuka kikazunguka kama gurudumu la baiskeli. Nikashika vyuma vya kitanda.

"Majina, Bibi!"

"Demetria!" nikasema. "Demetria! Demetria!"

"Na mwingine."

"Hakuna mwingine!"

Nasikia walicheka wote. Baadaye kikatulia. Tukapumzika, tukaenda sikio la kulia. Maji yakaingia. Nikashika vyuma. Nikangoja. Nikaanza kutaja majina kabisa, nikafika kwa mama Elibariki, muuza maandazi. Kitanda kimetulia tuli.

"Maji yameingia?" nikauliza.

"Yameingia, Bibi."

"Mbona hakuna kitu?"

Alikuwa anatazama televisheni. Akaja kuvua ile miwani, akakaa kitandani karibu yangu, akaongea karibu na sikio. Sikio la kushoto linatoa habari kamili, la kulia linatoa nusu nusu. Ubongo unapokea habari mbili zisizolingana, haujui uamini ipi. Ule ugonjwa wa kimfupa, mara nyingine haukomi kwenye kimfupa, unagusa na ndani. Kwa sasa hatanipasua. Atanipa mazoezi ya macho na shingo, na kifaa cha kusikilizia. "Bibi, mtu mwenye sikio kama hili anayumba. Lazima ayumbe. Hata awe hajaonja pombe tangu azaliwe."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilishajiona nimesimama kanisani na karatasi, Demetria anatafuta pa kuificha pua yake.

Halafu akachukua kalamu. "Maswali ya mwisho. Ugonjwa huu unarithiwa. Kuna mtu kwenu alikuwa hasikii vizuri? Mama?"

"Mama alikuwa haambiliki. Ukimwita hageuki. Kiburi."

"Penye kelele je? Wagonjwa wetu wengi wanasikia vizuri zaidi penye kelele. Kwenye mashine. Kwenye mvua."

Nikaanza kutafuta kandambili zangu chini ya kitanda.

"Bibi? Alikuwa anayumba?"

Sikumjibu. Lusungu kamwambia nimechoka. Tumerudi nyumbani.

Kizunguzungu: wamenipa wenyewe.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua. Lusungu hana shule. Kauliza nina nini. Nimemwambia aoshe sufuria.

Jumapili, 4 Mei

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi.

Kule kwetu mvua haikatiki. Inanyesha miezi na miezi, inapiga bati, migomba inalia. Na mvua ikinyesha, Mama alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anatusimulia hadithi, tukimuuliza swali anajibu, tukiimba anaidaka sauti ya pili. Jua likitoka anakuwa jiwe. Unamwita mara tatu hageuki. Sisi watoto tulisema mama ana roho mbili, ya mvua na ya jua.

Asubuhi alikuwa anatembea ameshika ukuta. Alikuwa anaanguka kwenye migomba, analala palepale macho amefumba, anatapika. Kijiji kizima kilikuwa kinapika pombe, nyumba hadi nyumba, mtu akianguka kwetu hakuna aliyeuliza kaanguka kwa nini. Palikuwa na sababu moja tu ya kuanguka.

Wazee wa kanisa walikuja nyumbani. Watatu. Yeye akasema hanywi. Alisema kwa ile sauti yake ya chini, hawakusikia, wakadhani anaona aibu. Wakasema, mtoto hasemi uongo, muulizeni mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wakaniuliza, "Mama yako anakunywa?"

Nilikuwa nimemkasirikia. Siku ile aliniangushia chungu cha maji. Na mie niliamini. Lakini kunywa sikuwahi kumwona. Hata siku moja sikumwona na kata ya pombe mdomoni. Nilimwona akianguka.

Nikasema, "Ndiyo. Kila siku."

Jua lilikuwa linawaka. Alikuwa amekaa mita mbili kutoka pale. Hakusikia nilichosema. Alinitazama akatabasamu, alidhani nimemtetea.

Alikaa miaka kumi na tisa bila Meza ya Bwana. Kila Jumapili alikaa nyuma karibu na mlango. Alipokufa nilikuwa nimeshaolewa huku Dar, nikaenda kumzika, na kwenye kaburi nikaona haya kwa ajili yake. Nilisimama mbali kidogo na kaburi, watu wasije wakanilinganisha naye. Nilifanya hivyo. Tupokigwe huyu huyu.

Yule Lusungu aliyesema "sijui" kwenye simu, nilimnyima ugali. Angalau yeye alisema hajui.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemsomea Lusungu ukurasa wa jana. Akataka kunikumbatia. Nimemwambia asinilowanishe.

Ijumaa, 9 Mei

Karatasi nimeipata. Muhuri upo, sahihi ipo. Daktari Kokuberwa kaandika kwa Kiswahili kama nilivyomwomba, mistari sita. Wa mwisho unasema: kuyumba na kuanguka kwa mgonjwa kunatokana na udhaifu wa sikio la ndani upande wa kulia. Nimemjibu na swali lake. Nimemwambia, "Ndiyo. Alikuwa anayumba. Na mvua ikinyesha alikuwa anasikia." Ameandika. Hakuuliza zaidi. Mtu mzima yule, ingawa ni mdogo.

Jumanne, 13 Mei

Nimempelekea Mchungaji Wilbert karatasi. Kaisoma mara mbili. Akafurahi kweli, sitamsingizia.

"Mama, ashukuriwe Mungu. Basi limekwisha. Nitaongea na baraza, tukurudishe Mezani kimyakimya, hata hiyo Jumapili huna haja ya kusimama."

"Kimyakimya?"

"Ili tusiwaaibishe watu."

Hapo nilisahau kwamba yeye ni mchungaji. Nikamwambia, "Kijana, mlinitenga kwa kipaza sauti. Mmesoma jina langu kati ya matangazo ya harusi na ya mchango wa saruji. Leo nimekuwa msafi ndiyo mnataka kunong'ona? Nitasimama. Tarehe ishirini na tano mlinipangia kutubu, na nitatubu."

"Utatubu nini, Mama, kama hukunywa?"

"Njoo usikie."

Katazama viatu. Kisha akaninyanyulia macho, mara ya kwanza tangu nimjue. "Sema kwa kifupi," akasema.

Jumapili, 18 Mei

Kizunguzungu: ndiyo, kidogo. Dakika: tano. Mazoezi ya shingo nafanya, Mauwa ananicheka, anasema nafanana na kuku aliyeona nyoka.

Jumapili, 25 Mei

Nilivaa gauni lilelile jeupe. Doa la divai halikutoka, nimeliacha lionekane.

Mchungaji akatangaza kwamba Mama Tupokigwe ana neno. Nikaenda mbele. Nilipogeuka kuwatazama watu, mvua ikaja. Si manyunyu. Masika yote yaliyobaki yalishuka juu ya lile bati kwa pamoja. Kipaza sauti kikakata na umeme.

Nikaanza kusema. Wakaweka mikono masikioni. "Hatusikii!" "Mama, pandisha sauti!" Watu mia tatu, wote wamekuwa viziwi. Na mie peke yangu nasikia. Nilimsikia mama mmoja benchi la pili akimnong'oneza mwenzake, "Anatubu ulevi huyo." Nikamwonyesha kidole. "Situbu ulevi, we' mama! Nyamaza!" Akaruka.

Basi nikapiga kelele. Maisha yangu yote sijawahi kupiga kelele namna ile, kichwa kilivuma kama pipa linalogongwa kwa nyundo. Nikasema: "Sikunywa mie! Karatasi hii hapa, asomaye asome. Sikio langu ni bovu, na aliyesema nanuka pombe alinusa divai yenu! Hilo limekwisha. Nimekuja kutubu lingine. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yangu alikuwa mgonjwa kama mie. Mie ndiye niliyewaambia wazee anakunywa. Nilisema uongo, wakamtenga, akafa ametengwa. Jina lake Tusekile. Hakupigiwa kengele. Nataka ipigwe leo."

Mchungaji akanisogelea. "Mama, kengele ya msiba… ni miaka mingi, na hakuwa wa usharika huu…"

Sikungoja amalize. Nikatembea. Kutoka madhabahuni mpaka mlangoni ni mabenchi ishirini, na kizunguzungu kilikuwa kimenipanda tangu nilipopaza sauti. Niliyumba. Niliyumba kushoto, niliyumba kulia, kanisa zima linatazama, sikushika benchi hata moja. Nilitaka waone. Waone mtu asiyekunywa anavyotembea.

Kwenye ngazi za nje miguu ikagoma. Mkono ukanishika kwapani. Nikadhani Lusungu. Alikuwa Demetria, mvua inamtiririka usoni, kitambaa cha sare kimemshuka shingoni.

"Niache," nikamwambia.

"Sikuachi. Utaanguka."

"Ninuse basi."

"Mama, tafadhali." Akawa analia, au ilikuwa mvua. "Twende upige hiyo kengele, tunalowa."

Bado simpendi. Lakini alinishika mpaka kwenye mwarobaini, akaniokotea kile chuma, akasimama nyuma yangu mikono wazi kama Daktari Kokuberwa. Nikaipiga ile reli. Kwetu anapigiwa mtu kulingana na miaka yake, na miaka ya Mama hakuna aliyeiandika, kwa hiyo nikapiga mpaka mkono ukachoka, nikabadilisha mkono. Nilipogeuka, watu walikuwa wametoka nje, wamesimama kwenye mvua. Lusungu akaanzisha wimbo wa maziko. Hawakusikilizana, kila mtu alikuwa kwenye ubeti wake. Mie niliwasikia wote.

Kizunguzungu: ndiyo.
Dakika: sikuangalia.
Kuanguka: hapana.